Kabla ya Kushika Panga: Tahadhari ya Ua wa Minyaa

Mvua ikikaribia, minyaa hukatwa.

Hukatwa Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga na Mwanza. Hukatwa kwa sababu ua umerefuka kupita kiasi, au kwa sababu mwenye kiwanja kipya anatafuta vipande vya kupanda mvua ikianza. Mkataji ana panga. Machoni hana kitu. Jua ni kali, jasho linamtiririka, na kila anapopiga panga tawi linamwaga utomvu mweupe.

Utomvu huo ni sumu.

Tone moja likiingia jichoni linaweza kumfanya mtu asione kwa jicho hilo siku kadhaa. Jicho likishughulikiwa vibaya, linaweza kupofuka.

Nauzungumzia mnyaa wa kawaida kabisa, ule usio na miiba, wenye vijiti vya kijani vya mviringo, unene wa penseli, unaoonekana kama hauna majani. Wataalamu wa mimea huuita Euphorbia tirucalli. Mbuzi hawauli. Hauhitaji kumwagiliwa. Unachomeka kipande ardhini, kinashika. Ndiyo maana umezunguka nyumba, mazizi, makaburi na viwanja vya shule. Babu aliupanda, baba akaupunguza, mtoto anacheza chini yake. Mazoea hayo yananitia hofu kuliko mti wenyewe, kwa sababu mtu haogopi kitu alichokizoea tangu utotoni.

Sikiliza kinachotokea.

Tawi la mnyaa limejaa utomvu unaosukumwa nje mara linapojeruhiwa. Panga likipiga kwa nguvu, vitone vidogo huruka, na mkataji havioni vikija. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni mkono. Mkataji anajipangusa jasho usoni kwa kiganja au kwa mkono wa shati, na shati limekwisha kulowa utomvu. Njia hii inadanganya zaidi, maana inaweza kuja hata baada ya kazi kuisha. Panga limewekwa kando, mtu ameketi kivulini, anasugua jicho lililochoka. Utomvu unaingia.

Mwanzoni jicho linawasha na kutoa machozi. Wapo wanaoona si kitu, wakaendelea na kazi. Hapo ndipo wanapokosea. Utomvu huu haumalizi madhara yake papo hapo. Maumivu huongezeka saa baada ya saa. Jioni kope zimevimba. Usiku mwanga wa taa unauma, usingizi haupatikani. Asubuhi mtu anaona ukungu mtupu. Utando wa juu wa konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, umechunika. Mwasho unaweza kupenya hadi ndani ya jicho lenyewe na kuleta uvimbe huko.

Anayesema “nitaona hali asubuhi” ameupa utomvu usiku mzima.

Lakini jicho lililooshwa mapema na kutibiwa vizuri kwa kawaida hupona, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Konea ina uwezo wa kujifunika upya. Hatari kubwa ya upofu iko katika kile kinachofanyika, au kisichofanyika, baada ya utomvu kuingia. Hilo liko mikononi mwetu, na ndiyo sababu ya kupiga mbiu hii.

Konea iliyochunika ni kidonda kilicho wazi. Bakteria huingia. Fangasi huingia. Kidonda kinachimba kwenda chini, na hata kikija kupona kinaacha kovu jeupe. Kovu likikaa katikati ya konea, mtu ataona kiwingu maisha yake yote. Matone hayaliondoi. Miwani hailiondoi. Kinachobaki ni kupandikizwa konea iliyotolewa kwa mtu aliyefariki, na huduma hiyo katika nchi zetu ni haba mno. Kwa familia ya mkulima wa Bahi au Kishapu, ni kama haipo.

Sasa tazama tunavyokifanya kidonda hicho.

Jirani anamkamulia mgonjwa maziwa ya mama. Mwingine anasaga majani na kudondosha maji yake. Mwingine anatia asali, au maji ya sukari. Wote wana nia njema. Wote wanaingiza vijidudu katika jicho lisilo na ngozi yake ya juu. Madaktari wa macho wa Tanzania na Malawi wamekuwa wakieleza kwa miongo kadhaa habari za macho yaliyoharibika kwa dawa za kienyeji, macho ambayo mwanzoni yalikuwa na tatizo dogo tu. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto mchanga. Si dawa ya konea iliyochunika.

Halafu kuna duka la dawa. Mgonjwa anafika jicho likiwa jekundu, muuzaji anampa matone yaliyopo. Baadhi ya matone hayo yana dawa za jamii ya steroidi. Steroidi hutuliza wekundu haraka, kwa hiyo mgonjwa huamini anapona, wakati kinga ya jicho imepunguzwa na maambukizi yanapata nafasi ya kuenea chini ya utulivu huo. Daktari wa macho anaweza kuziandika dawa hizo, kwa kipimo na kwa muda, akiwa ameliangalia jicho kwa mashine na kuona kama lina kidonda. Muuzaji hajaliangalia kwa mashine yoyote. Na yale matone ya kutia ganzi, yanayoondoa maumivu mara moja, yakitumika nyumbani mara kwa mara huzuia konea isijifunike. Ndugu muuza dawa, mtu akikwambia ameingiwa na utomvu wa mnyaa, usimuuzie kitu. Muulize ameosha kwa muda gani. Kama hajaosha, mwoshe hapo hapo, kisha mtume hospitali.

Dawa ya kwanza ni moja.

Maji.

Maji mengi, mara hiyo hiyo, mahali pale pale ulipo. Usikimbie hospitali kwanza. Usitafute bodaboda kwanza. Osha kwanza. Maji yoyote safi ya kunywa yanafaa, ya bomba, ya chupa au ya ndoo, yasiyo ya moto. Usipoteze dakika kuyachemsha wala kuyatia chumvi.

Nawa mikono haraka kwa sabuni, la sivyo unarudisha utomvu unapoushika uso. Kama mtu anavaa lenzi za macho, zitolewe. Mlaze ubavu, jicho lililoumia likiwa upande wa chini, ili maji yakitoka yasiingie jicho la pili. Mwenzake afungue kope kwa vidole na kuzishikilia, maana jicho lenye maumivu hujifunga lenyewe. Mimina polepole kwa kikombe au jagi, maji yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje. Mgonjwa azungushe jicho: juu, chini, kushoto, kulia. Angalia saa ya simu. Dakika kumi na tano ndiyo kima cha chini. Nusu saa ni bora zaidi.

Nusu saa ni muda mrefu sana ukiwa umeshikilia kope za mtoto anayelia. Endelea.

Najua maji Dodoma au Singida wakati wa kiangazi si kitu cha kumwaga ovyo. Najua dumu moja limebebwa kwa baiskeli kutoka mbali. Limwage. Ndoo moja ya maji ni rahisi kuliko jicho.

Baada ya kuosha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Kumbuka kuwa maumivu ya mnyaa hurudi usiku. Sema waziwazi: “Ni utomvu wa mnyaa.” Piga picha ya mti kwa simu kama kuna shaka. Usisugue jicho njiani. Usilifunge kwa kitambaa kinachobana.

Sasa kwa walimu wakuu.

Shule nyingi za vijijini zimezungushiwa minyaa, na usafi wa mazingira hufanywa na wanafunzi. Mtoto wa darasa la tano anapewa panga au fyekeo akapunguze ua. Wakati mwingine ni zamu yake, wakati mwingine ni adhabu ya kuchelewa. Watoto ishirini wanakata kwa pamoja, wamepangwa mstari, kila mmoja akirusha utomvu kuelekea uso wa mwenzake. Mwalimu wa zamu yuko mbali. Bomba la maji halipo, au limefungwa. Fikiria jicho moja tu likiingiwa hapo, na mtoto anayeogopa kusema kwa sababu yuko kwenye adhabu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi ya hatari. Kukata minyaa ni kazi ya hatari. Mtoto asikate mnyaa. Si kwa zamu, si kwa adhabu, si kwa hiari yake. Kama ua wa shule lazima upunguzwe, wafanye watu wazima, siku ambayo wanafunzi hawapo, na matawi yaondolewe kabla hawajarudi.

Nje ya kazi, watoto huuchezea mti huu. Huvunja vijiti kuona maziwa yakidondoka. Hukusanya utomvu kutengenezea ulimbo wa kunasia ndege. Hujichora mikononi. Hurushiana. Mkono huo huo unakwenda jichoni, unakwenda mdomoni, unashika mtoto mdogo zaidi. Mzazi, mwambie mwanao leo, kwa maneno machache: maziwa ya mti huu yanapofusha. Mtoto wa miaka minne anaelewa sentensi hiyo.

Mtu mzima anayekata, kibarua au mwenye nyumba, ana sharti moja kabla ya yote.

Ndoo ya maji kwanza, panga baadaye.

Ndoo ijazwe, iwekwe karibu na ua, na kikombe na sabuni juu yake. Kisha miwani ya kinga, ile ya plastiki inayozunguka jicho lote, inayouzwa madukani pamoja na vifaa vya mafundi. Miwani ya jua ni kinga hafifu, ila inashinda uso mtupu. Shati la mikono mirefu. Glavu za mpira. Kitambaa kilichofungwa kwenye paji la uso ili jasho lisishuke, kwa sababu jasho lisiposhuka mkono haupandi. Msumeno wa mkono au mkasi wa bustani ni salama kuliko panga, maana haurushi utomvu kama panga linavyourusha. Usikate tawi lililo juu ya kichwa chako. Upepo uwe mgongoni. Asiwepo mtu mwingine hatua chache kutoka hapo, hasa mtoto anayekuja kuokota vijiti.

Na wewe uliyemwajiri kibarua, miwani ni juu yako. Usimwambie “jihadhari” ukaingia ndani.

Kazi ikiisha, utomvu haujaisha. Uko kwenye panga, kwenye glavu, kwenye mpini, kwenye kola ya shati. Ukikauka bado unaweza kuwasha. Panga lioshwe kwa sabuni na aliyelitumia. Nguo zifuliwe peke yake, na mfuaji aambiwe zina nini. Mara nyingi ni mke au binti anayezitumbukiza na nguo za mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kwenda haja, kabla ya kula, kabla ya kumshika mtoto, kabla ya kunyonyesha. Maji matupu hayauondoi vizuri kwenye ngozi, kwa sababu utomvu huu una gundi inayonata. Sabuni ni lazima.

Ngozi ikiguswa na kuachwa bila kuoshwa, inaweza kuwa nyekundu na kuvimba, na malengelenge hujitokeza saa kadhaa baadaye. Usiyapasue. Yakiwa mengi, au yakiwa usoni au sehemu za siri, ni ya kupelekwa zahanati.

Lipo jambo jingine, na nitalisema ingawa litawaudhi baadhi ya wazee wangu ninaowaheshimu. Utomvu wa mnyaa unatumika kama dawa. Unatiwa kwenye jino linalouma. Unapakwa kwenye chunjua. Unapakwa palipoumwa na nyoka. Wengine huunywa kwa matone, ndani ya uji au maji, kusafisha tumbo au kutafuta nguvu za kiume. Utomvu unaochuna konea hauchagui unapofika tumboni. Huunguza kinywa na koo, na huleta kutapika na kuharisha vikali. Aliyeumwa na nyoka akipakwa utomvu anapoteza saa alizohitaji kufika penye dawa halisi ya sumu ya nyoka. Aliyekwisha kumeza asitapishwe kwa nguvu, maana utaunguza koo mara ya pili. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali.

Sababu ya kuuogopa haiishii kwenye mwasho. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani inayovimbisha taya za watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi ugonjwa huo upo na wapi haupo. Ukaonekana ni ugonjwa wa nchi zenye joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, kirusi ambacho leo kina jina la Epstein na Barr. Malaria na kirusi hicho ndivyo vinavyotajwa kwanza. Lakini watafiti wameutazama mnyaa pia, kwa sababu umeota tele katika maeneo hayo. Utomvu wake una kemikali za jamii ya foboli, na katika maabara umeonekana kuamsha kirusi hicho kilicholala ndani ya chembe.

Nieleweke vizuri. Hilo halithibitishi kwamba mtoto aliyegusa ua atapata saratani. Linatosha kunifanya niseme kwamba utomvu huu usinywewe, usipakwe, usifanywe mchezo wa kila siku wa watoto. Kungoja uthibitisho kamili ndipo tumtoe mtoto penye ua ni uzembe.

Sisemi kwamba minyaa yote ing'olewe kesho. Nakataa hilo kabisa. Kijiji kizima kikiingia minyaa kwa mapanga kwa hofu, tutaumiza macho mengi kwa wiki moja kuliko mti ulivyoyaumiza kwa mwaka. Mnyaa uliosimama bila kuguswa haumrukii mtu. Ua ulio mbali na watoto na uachwe, upunguzwe na mtu mzima mwenye miwani.

Mahali pa kuanzia ni pachache: shule, zahanati, penye bomba la maji, na popote watoto wanapochezea. Hapo minyaa iondolewe taratibu na mimea mingine ipandwe. Michongoma inajulikana na inashika vizuri. Ina miiba, lakini mwiba mtoto anauona na anauheshimu. Matawi ya mnyaa yaliyokatwa yasiachwe chini, maana mvua ikinyesha yanaota tena pale pale. Yasichomwe yakiwa mabichi karibu na nyumba. Yafukiwe shimoni, mbali na kisima. Na anayeanza kiwanja leo asipande mnyaa. Aina yenye ncha nyekundu inayouzwa duniani kama pambo la chungu ni mnyaa huu huu, utomvu wake ni huu huu; haifai sebuleni penye mtoto anayetambaa.

Zahanati nyingi hazina daktari wa macho. Hazihitaji kuwa naye ili kuliokoa jicho hili katika saa ya kwanza. Dripu ya maji ya chumvi na mpira wake inatosha kuosha jicho kwa nusu saa, na kama dripu haipo, kuna ndoo. Muuguzi asianze kwa kuandika jina, umri na kijiji. Aoshe, aandike baadaye. Kisha mgonjwa atumwe panapoweza kuangaliwa konea yake: hospitali ya wilaya yenye mtaalamu wa macho, au Mvumi kwa walio Dodoma, Bugando kwa kanda ya ziwa, KCMC kwa kaskazini, Muhimbili au CCBRT kwa walio Dar es Salaam.

Wenyeviti wa vijiji na vitongoji wana wiki chache kabla ya mvua. Wanajua ni kaya zipi zina minyaa. Mkutano ukiitishwa, jambo hili litangulie mbele ya michango. Lisemwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Kila kaya yenye ua wa minyaa iulizwe hadharani: nani atakata, atavaa nini machoni, na ndoo ya maji itakaa wapi.